Herufi Ndogo Zisitupokonye Wasomaji



Juma hili ukurasa wetu wa familia umepanda bara hadi Nairobi. Ni nadra siku hizi kuikuta nyumba ya Mombasa, Lamu, Malindi au Kwale isiyokuwa na binti, kaka au shangazi aliyehamia huko kwa kazi au kwa ndoa, na baadhi yao wamejistiri Kibera na Kawangware. Kibera si ugenini kwa Waislamu. Wanubi, kizazi cha askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Waingereza, wamekaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe, Kibra, maana yake kwa lugha yao ni msitu, na mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Kawangware nako, upande wa magharibi wa jiji, wamekutana watu wa kila pembe ya nchi, na adhana husikika humo kama isikikavyo kwetu.

Tulilokusudia kulizungumza ni jambo linaloonekana dogo: ukubwa, umbo na mpangilio wa herufi katika simu na katika vifaa vya kusomea vitabu. Tunalileta mbele yenu kwa sababu nyuma yake mna hasara kubwa. Ndani ya nyumba zetu wamo watu wanaoacha kusoma kimyakimya, na sisi jamaa zao hatujui kwamba wameacha.

Wa kwanza ni mama aliyepita miaka arubaini na mitano. Zamani alikuwa akisoma kitabu cha mawaidha baada ya Isha, na magazeti yakimpitia mikononi. Sasa simu ikilia kwa ujumbe humwita mjukuu: "Mwanangu, njoo unisomee." Mjukuu husoma ujumbe wa pesa, wa hospitali, hata wa siri za ndugu na ndugu. Mama amejiambia kuwa macho yamemwacha na kwamba kusoma ni kazi ya vijana. Wa pili ni mtoto wa darasa la tatu au la nne, ambaye akipewa ukurasa uliojaa maneno hujikwaa, huruka mistari, hukasirika, mwishowe huitwa mzito wa kichwa. Kabla ya kumhukumu yeyote kati ya hawa wawili, liko jambo ambalo halina gharama na lachukua dakika tano. Nalo ni kuzibadili herufi.

KITABU KINACHOMFUATA MSOMAJI

Kitabu cha karatasi kikishatoka mtamboni hakibadiliki. Mchapaji ameamua herufi ziwe kubwa kiasi gani, mistari iachane vipi, na pambizo ziwe pana au nyembamba. Aghalabu huamua kwa kuhesabu bei ya karatasi, kwani herufi ndogo hupunguza kurasa, na kurasa chache hupunguza gharama. Msomaji hana budi kukifuata kitabu: akisogeze kwenye taa, akiweke mbali, au avae miwani.

Kitabu cha elektroniki kimeligeuza jambo hilo. Kindle ya kwanza ilipotolewa Marekani mwezi wa Novemba 2007, msomaji aliweza kuzikuza herufi kwa kubonyeza kidole, na maneno yote ya kitabu yakajipanga upya kwenye kurasa mpya. Kifaa cha namna hiyo hutumia wino wa elektroniki. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, na umeme huzivuta juu au chini mpaka zikachora herufi. Kioo hicho huonekana kwa mwanga unaokiangukia, kama karatasi, na umeme hutumika zaidi pale tu ukurasa unapogeuzwa. Kwa sababu hiyo chaji moja yaweza kudumu siku nyingi, jambo lenye thamani mahali ambapo stima hukatika.

Vifaa hivyo vimefika kwetu Afrika Mashariki. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilivipeleka katika shule na maktaba za Kenya. Tawi la Kibera la maktaba ya taifa nalo liliwahi kuwapa watoto wa mtaa vishikwambi vyenye masomo yao. Hata hivyo tuseme ukweli: katika vyumba vya Kibera na Kawangware, kifaa cha kusomea vitabu ni simu ileile ya mama, yenye ufa kwenye kioo, inayotumika kwa pesa, kwa salamu na kwa picha za harusi. Simu hiyo, ikiwekwa programu ya kusomea vitabu, huweza karibu yote ayawezayo yule ndugu yake wa bei ghali.

Na wanawake ndio wenye haki ya kwanza katika habari hii. Mwaka 2014 shirika la UNESCO lilitoa uchunguzi kuhusu watu wanaosoma vitabu kwa simu katika nchi saba, Uganda na Ethiopia zikiwemo. Ilionekana kuwa wanaume wasomaji walikuwa wengi zaidi kwa idadi, lakini wanawake walisoma kwa muda mrefu zaidi kwa mbali: wastani wa dakika 207 kwa mwezi, ilhali wanaume walisoma dakika 33. Mwanamke akishaupata mlango wa kusoma huingia na kukaa. Basi ni dhulma iliyoje mlango huo ukifungwa na herufi ndogo!

MACHO YA BAADA YA MIAKA AROBAINI

Ndani ya jicho mna lenzi ambayo katika ujana hujikunja na kujinyoosha ili tuone karibu na mbali. Umri unapokaribia miaka arubaini na kuendelea, lenzi hiyo hukakamaa kwa kila mtu, tajiri kwa maskini. Mtu huanza kulisogeza gazeti mbali, mkono ukawa mfupi. Hilo ni badiliko la umri wala si dalili ya upofu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana udhaifu huo wa kuona karibu na hawajapata msaada wowote, ilhali msaada wenyewe ni miwani ya kawaida.

Mama akingojea miwani, au hata akiwa nayo, simu yaweza kumhudumia leo. Kuna mahali pawili pa kushika. Pa kwanza ni kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya skrini, ambapo mna ukubwa wa maandishi. Ukiukuza, ujumbe wa pesa, wa hospitali na wa jamaa hukua karibu wote. Pa pili ni ndani ya programu ya vitabu, ambapo aghalabu utaona alama ya A kubwa na a ndogo zikiwa pamoja. Ukiigusa, litafunguka sanduku zima la marekebisho.

Ushauri wetu ni huu. Mama ashike simu kwa umbali anaoupenda mkono wake, sio umbali anaoulazimishwa na herufi. Kisha zikuzwe hatua kwa hatua mpaka asome sentensi nzima bila kukunja uso. Hapo asimame. Wapo wanaodhani kuwa herufi kubwa kupita kiasi ndizo bora zaidi, kumbe Kiswahili chetu kina maneno marefu. Neno kama "wanaotutegemea" au "tulivyowaandalia" likikuzwa mno hujaza mstari wa simu peke yake. Jicho likawa linashuka ngazi badala ya kutembea, na msomaji hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Mstari wenye maneno manne au matano kwenye simu ni wa kuridhisha. Ukipungua hapo, ilaze simu ubavu ili mstari urefuke, au upunguze upana wa pambizo.

Baada ya ukubwa, liangalie jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni nafasi baina ya mistari. Mistari ikibanana, jicho lililochoka likimaliza mmoja hurudi kwenye uleule au huruka wa pili. Ongeza nafasi hatua moja tu utaona tofauti. Tena, programu nyingi hunyoosha kingo zote mbili za maandishi, kushoto na kulia, kama kitabu kilichochapwa. Katika mstari mfupi wa simu, unyooshaji huo huacha mapengo baina ya maneno kama meno yaliyong'oka. Ukiuona mpangilio wa kushoto peke yake, uchague huo.

Jambo jingine lahusu lugha yetu. Programu hulikata neno refu mwishoni mwa mstari kwa kufuata lugha iliyoandikishwa ndani ya kitabu. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na Mswahili hukata neno baada ya irabu bila ya kufundishwa. Lakini kitabu cha Kiswahili kikiwa kimeandikishwa kuwa cha Kiingereza, mashine yaweza kulikata neno mahali pasipokuwa na silabi, na msomaji akajikwaa akidhani kosa ni lake. Dawa yake ni kuuzima ukataji huo wa maneno, kwenye programu zinazoruhusu.

MTOTO ANAYEITWA MZITO

Tumfikie mtoto. Mtu aliyezoea kusoma huzitambua herufi kwa haraka bila kujitahidi. Hulitambua neno akapita. Mtoto bado anazikusanya herufi moja moja kama anayeokota kombe ufuoni. Kwake yeye, herufi mbili zinazofanana ni mtego: I kubwa, l ndogo na tarakimu 1, b na d, na ile a ya vitabuni yenye kikofia juu, isiyofanana na a aliyofundishwa kuiandika kwenye daftari.

Ipo aina ya herufi iliyoundwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo, na jina lake litawafurahisha: inaitwa Andika, neno letu la Kiswahili. Shirika la SIL, linaloshughulika na lugha za ulimwengu, lilizichora herufi hizo kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma. Humo a na g zimechorwa kama mkono wa mtoto unavyoziandika, na herufi zinazofanana zimetenganishwa waziwazi. Zinapatikana bure, na baadhi ya programu na vifaa vya kusomea humruhusu mtu aingize herufi zake mwenyewe. Kwa wenye uoni hafifu ipo aina nyingine ya bure iitwayo Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na taasisi ya Marekani inayohudumia vipofu, Braille Institute.

Wapo pia watoto wenye ugumu wa kusoma wa kuzaliwa, unaoitwa disleksia, ambao akili zao ni timamu lakini maandishi huwasumbua. Watu huwauzia wazazi wao matumaini ya herufi maalumu. Tahadharini. Mfano wa herufi hizo ni OpenDyslexic, nayo ni ya bure na haimdhuru mtoto, lakini uchunguzi uliofanywa juu yake haukuonyesha kwamba humfanya mtoto asome vyema zaidi. Lililoonekana kusaidia ni nafasi. Mwaka 2012 watafiti waliwapima watoto 74 wa Italia na Ufaransa wenye disleksia, wakiwapa maandishi ambayo herufi zake zimeachanishwa zaidi ya kawaida. Watoto walisoma kwa wepesi zaidi na kwa makosa machache, bila ya mafunzo yoyote. Kiitalia, kama Kiswahili, husomwa kwa kiasi kikubwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo habari hiyo yatuhusu.

Basi mzazi afanye jaribio hili nyumbani. Achukue hadithi moja, amsomeshe mtoto ukurasa mmoja kama ulivyo. Kisha akuze herufi, aachanishe mistari, apunguze maneno yaliyo kwenye skrini, amsomeshe ukurasa mwingine wa uzito uleule. Akiona tofauti kubwa, ajue kwamba mtoto alikuwa akipigana na ukurasa. Asipoiona, amwendee mwalimu kwa upole, na amwombe mtoto apimwe macho. Kwa hadithi zenyewe hahitaji kununua kitu. African Storybook, mradi ulioanza kutoa hadithi zake kwa umma mwaka 2014, una hadithi za bure kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Kenya, na programu yake ya simu huzihifadhi ili zisomwe bila bando.

MAS'HAFU NA MASHAIRI

Hadi hapa tumesema "badilisheni." Sasa tuseme ni wapi pa kusita, maana yapo maandishi ambayo mpangilio wake una kazi.

La kwanza ni mas'hafu. Mas'hafu ya Madina, inayochapwa na Jengo la Mfalme Fahd kwa hati ya Uthman Taha wa Syria, ina kurasa 604, kila ukurasa una mistari 15, na kila ukurasa huishia pale aya inapoishia. Mpango huo una maana kubwa kwa wanaohifadhi. Mwanafunzi wa hifdhi huikumbuka aya pamoja na mahali pake: juu kulia, katikati, au mwisho wa ukurasa wa kushoto. Akisomea kwenye programu inayoyapanga maandishi upya kila herufi zikikuzwa, mahali hapo hupotea, na leo aya iko juu, kesho iko chini. Mtoto aliye madrasa, iwe Makina au Mombasa, apewe programu inayoonyesha ukurasa mzima kama ulivyo, na mas'hafu ileile aliyoanza nayo asibadilishiwe.

Bibi yake hali yake ni nyingine. Yeye hahifadhi, anasoma juzuu yake kwa taratibu, na kinachomsumbua ni irabu zilizo juu na chini ya herufi. Fat'ha na kasra ni vijistari vidogo mno, na kwa macho yaliyochoka shadda yaweza kuonekana sukuni. Huyu apewe programu inayopanga maandishi upya, herufi zikuzwe, na mistari iachane vya kutosha ili irabu za mstari mmoja zisigusane na za mwingine. Programu nyingi nzuri huuweka ukubwa wa Kiarabu mbali na ukubwa wa tafsiri. Ukuze wa Kiarabu zaidi, kwa kuwa herufi zake zenye irabu zahitaji nafasi kubwa kuliko za Kilatini. Na ikitokea viboksi vitupu mahali pa herufi, ujue kwamba simu haina fonti inayofaa. Usisome kwa kukisia, badilisha programu.

La pili ni ushairi, na sisi watu wa pwani hatuwezi kulinyamazia. Mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane na nane, na kina cha kati hukaa pale ukwapi unapokutana na utao. Ukizikuza herufi kwenye simu nyembamba, mshororo hukatika popote, vina vya kati vikazama, na shairi likasomeka kama habari ya gazeti. Hapo ilaze simu ubavu, au uchague herufi ndogo kidogo. Utenzi ni rafiki mwema zaidi, kwa kuwa kila kipande chake ni mizani minane tu. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi wake mwaka 1858, aliuandika kwa herufi za Kiarabu, na hakuwa na habari ya simu. Lakini vipande vile vifupi hutosha kwenye kioo kidogo hata herufi zikiwa kubwa, kila kimoja kwenye mstari wake. Mabinti walio mbali na nyumbani wanaweza kuusoma kwenye matatu ya kwenda Kawangware bila kukunja uso.

FAILI LISILOKUBALI KUBADILIKA

Kuna kisa ambacho kila mzazi amekutana nacho. Kitabu kimetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi au la madrasa. Unakifungua, herufi ni kama chungu, na kila ukizivuta kwa vidole viwili ukurasa hutoka nje ya kioo. Unalazimika kuuburura kulia na kushoto kwa kila mstari. Hilo ni faili la PDF. PDF ni picha ya ukurasa wa karatasi. Ilikusudiwa chapa isibadilike, nayo hutii kusudio hilo. Faili liitwalo EPUB ndilo linalojipanga upya kwa matakwa ya msomaji.

Kwa hiyo tunawaomba walimu, maimamu na wanakamati wanaosambaza vitabu na khutba kwa simu: kama maandishi mnayo, yatoeni kwa EPUB, au hata yabandikeni kama ujumbe wa kawaida, kabla ya kutuma picha ya ukurasa. Nairobi kwenyewe ipo kampuni ya eKitabu, iliyoanzishwa mwaka 2012, inayotayarisha vitabu vya shule kwa EPUB ili hata watoto wenye ulemavu wa macho waweze kuvitumia. Kazi hiyo yawezekana kwetu. Msomaji aliyekwisha kupewa PDF na hana lingine, ailaze simu ubavu na aukuze ukurasa mpaka upana wa maandishi ujaze kioo. Atakuwa anateremka tu bila ya kuburura.

USIKU, CHUMBA KIMOJA, SIMU MOJA

Dada zetu wa Kibera na Kawangware wengi huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, chini ya mabati, baba, mama na watoto pamoja. Muda wa mama kusoma ni baada ya watoto kulala, na mwanga wa simu humwamsha mdogo. Kwa saa hiyo ipo hali ya giza: ukurasa mweusi na herufi nyeupe, mwangaza ukiwa umeshushwa. Hutuliza chumba, na kwenye baadhi ya simu hupunguza matumizi ya chaji. Mchana arudi kwenye herufi nyeusi juu ya ukurasa mweupe, maana ndizo zinazosomeka wepesi mwangani. Wengine herufi nyeupe huwatawanyikia na kufanya ukungu. Hao wachague ukurasa wa rangi ya karatasi kuukuu, na washushe mwangaza tu.

Na kwa kuwa simu ni moja, mtoto akishamaliza hadithi yake huiacha na herufi zake, mama naye akaikuta si yake. Baadhi ya programu huruhusu kuhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja na kuipa majina. Hifadhi wa mama, wa mtoto na wa usiku, ili kubadilisha kuwe mguso mmoja.

PALE HERUFI ZISIPOTOSHA

Hatutaki kumfanya mtu yeyote afiche maradhi nyuma ya herufi kubwa. Mama akiona kwamba kila mwezi yambidi azikuze zaidi, akiona ukungu usiotoka, madoa yanayoelea, mistari iliyonyooka ikipinda, au jicho moja likazidi kufifia, asingoje. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa kuwa kisukari hula mishipa ya jicho kabla ya mwenyewe kuhisi. Kwa walio upande huo wa Nairobi, hospitali ya macho ya Lions iko Loresho, na hospitali ya Kikuyu ina kitengo cha macho kinachojulikana nchini kote. Mtoto anayelisogeza daftari puani naye apelekwe, wala asiambiwe kuwa anajifanya.

La mwisho ni adabu. Mama zetu hawatasema. Mzee aliyezoea kuheshimiwa kwa elimu yake huona haya kukiri kwamba haoni, na atasingizia uchovu, shughuli au usingizi. Ukimwambia "Mama, huoni, nikukuzie herufi," umemvunja. Mwambie, "Mama, simu hii ina jambo zuri nimelijua leo, hebu nikuonyeshe," kisha umwachie mwenyewe aguse mpaka aridhike. Akishasoma ukurasa mmoja peke yake, ondoka umwache nao.

Juma hili basi, kila nyumba imfanyie hisani hii mtu mmoja. Walio Mombasa wawapigie simu walio Nairobi, na walio Nairobi, wakirudi pwani kwa Idi, wazishike simu za wazee wao kwa dakika tano. Tuandikieni mtuambie nani amerudi kusoma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie nuru ya macho yetu na ya wazee wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.